Kompyuta ya Nne Imewashwa

Kompyuta ya nne iliwaka vizuri, ikapiga mlio wake wa kawaida, kisha ikaomba paswedi ya ofisi ambayo mwalimu Philomena hakuijua. Aliizima. Akachomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, akarudisha betri, akawasha tena. Ikaomba paswedi ileile. Dirisha halikuwa na kioo, na vumbi la mashamba ya ngano lilikuwa limeanza kuingia. Mlangoni walisongamana wanafunzi wa kidato cha nne, kila mmoja akinyoosha shingo kutafuta mashine yake. Muhula mzima walikuwa wamejifunza kompyuta kwa chaki ubaoni, mashine zikiwa kwa fundi. Leo zilikuwa zimerudi.

"Mwalimu, yangu imenisahau," alisema Judith, aliyekuwa mbele ya wenzake. "Na mtihani wa vitendo si ndio huo unakuja?"

"Haijakusahau. Subiri."

Simu ya Philomena ikalia mfukoni. Kompyuta zile zilitolewa na mradi wa wafadhili, na watu wa mradi walizisimamia kwa mtandao wakiwa Dar es Salaam. Kila moja ilipowashwa na kupata intaneti, mwalimu anayeitunza alipata ujumbe. Aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama katikati ya darasa. Kompyuta ya nne imewashwa. Hali: nzuri. Msimamizi: Mwl. Philomena Akonaay.

Akaitazama kompyuta ya nne. Ilikuwa pale mezani, mgongoni ina namba ya rangi nyeupe aliyoipaka kwa mkono wake, na ilikuwa imejifunga, haijaingia hata mtandaoni. Simu ikalia tena. Ya tano imewashwa. Ya saba imewashwa. Zote hali nzuri. Alizigeuza mojamoja, namba zilikuwa zake, mikwaruzo ilikuwa anayoijua, na hakuna iliyokubali kufunguka.

Aliwatoa wanafunzi nje, akampigia mtaalamu wa mradi, Emanuel.

"Mwalimu, utambulisho wa kompyuta haukai kwenye ganda la nje," Emanuel alimweleza. "Unakaa kwenye mazabodi, lile bamba kuu la ndani. Mlizipeleka kwa fundi?"

"Mkuu wa shule alizipeleka mjini Katesh. Chache zilikuwa mbovu, akasema bora ziende zote."

"Basi mazabodi zenu zimetolewa, mkawekewa za mashine kuukuu za ofisi fulani. Mlichorudishiwa ni maganda. Zenu naziona hapa, zinafanya kazi, zimeingia mtandaoni kutokea Katesh."

"Katesh wapi?"

Emanuel alimsomea jina la mtandao wenyewe. Philomena alilijua. Lilikuwa jina la shule ya binafsi ya mama Marieta, mke wa mkuu wake wa shule. Siku shule hiyo ilipofunguliwa, Philomena ndiye aliyewagawia wageni soda.

"Zifungeni basi," alisema.

"Siwezi, dada. Ripoti ya kufunga mradi imeshakwenda kwa wafadhili. Inaonyesha kompyuta zenu zote ni nzima na zinatumika kila siku. Kwenye mfumo hakuna kilichopotea."

Philomena alikaa kwenye dawati. Alitafuta wa kumlaumu, akampata fundi. Ni fundi huyo aliyemuuzia mama Marieta mali ya wizi bila mama wa watu kujua. Mkuu wa shule, mwalimu Bonaventura, ametapeliwa, tena na mtu aliyemwamini, na lazima aambiwe haraka kabla jina lake halijachafuka. Hivyo ndivyo alivyowaza, na alivuka uwanja wa shule karibu akikimbia.

Asingeweza kuwaza vingine. Huyu Bonaventura ndiye aliyekwenda kijijini kwao Dirma kwa miguu wakati baba yake, mzee Akonaay, alipokuwa ameshawaahidi watu kumwoza Philomena, akakaa nje ya boma mpaka mzee akachoka kumkatalia. Ndiye aliyemsomesha Philomena, na ndiye aliyemleta hapa, katika sekondari hii ya kata kati ya Basotu na Getanuwas, afundishe kwa kujitolea huku akisubiri ajira. Philomena alilala kwenye stoo ya shule na kula makande ya wanafunzi, bila kulalamika. Mwalimu alisema ajira itakuja.

Na ndiye aliyezirudisha kompyuta kwa mkono wake, zimefungwa kwenye mablanketi. Aliziweka mezani mbele ya walimu wenzake, akatoa karatasi ya makabidhiano, akacheka. "Utazikagua, binti yangu?" Walimu nao wakacheka. Kwao Dirma, ng'ombe akirudishwa na mtu uliyempa akutunzie, humfungui mdomo kumtazama meno yule mtu akiwa bado amesimama hapo. Hiyo ni kumwita mwizi. Philomena aliona haya hata kwa kuulizwa, akasaini.

"Shikamoo, mwalimu," alisema akiingia ofisini kwa Bonaventura.

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

"Mwalimu, tumeibiwa. Fundi ametuchezea. Mazabodi zetu zipo shuleni kwa mama Marieta. Nadhani kauziwa bila kujua."

Bonaventura alimsikiliza mpaka mwisho, akifuta miwani kwa ncha ya tai. Hakushtuka. Hakuuliza hata mazabodi ni kitu gani. Philomena aliona hilo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mtu wa mradi tu."

"Akasemaje?"

"Kwamba kwao hakuna kilichopotea."

"Unaona?" Akavaa miwani. "Wenye mali wenyewe wameridhika."

"Watoto wana mtihani, mwalimu."

"Hawa wa hapa wakimaliza wanarudi kuchunga. Wale wa Katesh, wazazi wao wanauliza kila wiki kompyuta ziko wapi." Aliyasema hayo kwa utulivu, bila hata kushusha sauti.

"Na mimi ulinitoa kwenye kuchunga."

"Nilikutoa. Ndiyo maana nashangaa unavyonisemesha." Alifungua droo, akaiweka ile karatasi ya makabidhiano mbele yake. "Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Imeandikwa nini hapo juu?"

"Zimepokelewa zikiwa nzima."

"Ufunguo wa chumba anao nani?"

Ufunguo ulikuwa shingoni kwa Philomena, kwenye uzi.

"Polisi wakija, wataanza na wewe. Mwalimu wa kujitolea, huna hata barua ya ajira, nani atakusikiliza?" Akanyoosha mkono. Philomena alivua ule uzi akampa. "Nenda nyumbani upumzike. Nitawaambia walimu kwamba mzee Akonaay anaumwa. Sitaki kukuharibia maisha, binti yangu. Msalimie sana mzee."

Alipotoka na mfuko wake wa nguo, Judith alimkimbilia mpaka kwenye lango.

"Mwalimu, unakwenda kuchukua paswedi?"

Wanafunzi wengine walikuwa nyuma yake, wanasubiri.

"Ndiyo," alisema Philomena.

"Utarudi kabla ya mtihani?"

"Ndiyo, Judith. Rudini darasani."

Huko Dirma, mzee Akonaay, mgonjwa wa kusingiziwa, alikuwa mzima kabisa. Kila asubuhi alikamua ng'ombe wake mwenyewe, na kila asubuhi binti yake alimshikia ndama, simu ikilia kwenye mfuko wa sweta. Philomena alikuwa amemwambia kwamba ni likizo. Mara kadhaa alifungua mdomo amweleze, na kila mara mzee alitangulia kumtaja yule mwalimu aliyemjia kwa miguu, tena kwa furaha, naye akarudi kwa ndama.

"Nani huyo anakupigia kila siku asubuhi?"

"Hakuna anayepiga, baba. Ni kompyuta za shule. Zikiwashwa zinaniambia."

"Nani anaziangalia, wewe ukiwa huku?"

"Mwalimu Bonaventura."

"Aa, basi usiwe na wasiwasi. Yule kitu cha mtu hakimharibikii." Mzee alimalizia chuchu ya mwisho, akainuka taratibu. "Jumamosi kuna gari la Katesh, ukifika utaunganisha la shuleni. Utampelekea kibuyu cha maziwa. Mwambie ni mimi ninayemshukuru."

Simu ikalia tena. Philomena alimwachilia ndama, akaitoa mfukoni.

"Zinasemaje?" aliuliza mzee.

"Ya nne imewashwa, baba."

"Hali yake?"

"Nzuri."