Kinyozi Bila Kiti

Mhariri alimpenda sana yule binti wa kwenye riwaya ya Msomi. Alimpenda na baba yake, kinyozi mkali asiyejua kusema maneno laini. Alichokichukia ni kibanda chao. Alimwambia Msomi bila kumung'unya maneno kwamba vijana wa leo hawana muda wa kusoma habari za mabenchi na mafeni; wanataka mtu apende, agombane, akimbie. Apunguze mahali, abakize watu. Akimaliza leo, kitabu kinakwenda kwa mchapaji.

Msomi ni jina alilobandikwa na mjomba wake siku aliyovaa joho la chuo, na halikubanduka tena. Mjomba ndiye aliyemlea, na kibanda cha kwenye riwaya kilikuwa cha mjomba, kakichukua kizimakizima, hata mpasuko wa kiti ulioshonwa kwa uzi wa viatu. Moyo ulimuuma kukikata, lakini hicho kitabu ndicho kitu pekee alichowahi kukitaka kwa dhati. Akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, akaanza na benchi la wateja. Akafuta aya nzima.

Simu ikalia. Mjomba aliuliza kama amepita kuazima benchi, maana wazee waliokuwa wakisubiri zamu wameketi sakafuni, na mmoja kavaa suruali nyeupe. Msomi akasema hana habari na benchi. Akafuta feni. Simu ikalia tena: mjomba alikuwa anatiririka jasho, na alitaka kujua ni mwizi gani huyo anayeiba feni huku inazunguka. Akafuta kiti kikubwa cha kunyolea. Safari hii simu ilikawia kidogo, kwa sababu mjomba alikuwa anamwinua fundi bomba aliyekuwa amekikalia.

Msomi akaikwapua kompyuta, akatoka mbio.

Alimkuta fundi bomba amesimama katikati ya chumba, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa nusu ya kushoto, anapinda magoti kila mjomba alipotaka kufikia utosi. Wazee walikuwa wanatoa maoni kutoka chini. Kwa kujaribu tu, Msomi akafuta kioo kirefu cha ukutani. Kikayeyuka mbele ya macho yao kama povu, ukabaki ukuta.

Mjomba akamtazama yeye, kisha akaitazama kompyuta.

"Kumbe mwizi namlea mwenyewe," akasema.

Msomi akamweleza yote. Mjomba aliyapokea vizuri kuliko alivyotarajia. Alisema kazi hii imemwonyesha mengi, likiwemo la mteja aliyerudi kudai nywele zake. Aliuliza tu kama vitu vinarudi. Vinarudi, Msomi alisema, akiviandika upya. Lakini akiviandika vyote, kitabu hakitoki. Mjomba hakuwa na moyo wa kumwambia aache kitabu, na hakuwa na kazi nyingine zaidi ya hii. Akaanza kupangusa mashine ya kunyolea ambayo ilikuwa safi tayari.

Msomi akampigia mhariri, akambembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mhariri alisema yeye si jiwe, hata shemeji yake ana duka. Atamruhusu kitu kimoja. Kimoja tu, tena kwa sentensi moja.

"Kiti," mjomba akasema papo hapo. "Hapo hata usomi hauhitajiki."

Fundi bomba, ambaye alishachoka kupinda magoti, aliunga mkono.

Msomi akaketi sakafuni, akaweka vidole tayari kuandika kiti. Ndipo alipotambua kwamba hakuna anayepiga soga tena. Tangu utoto wake hakuwahi kukiona kibanda hiki kimya. Wanaume waliingia humu wakamwambia mjomba mambo wasiyowaambia wake zao, lakini hawakumwambia usoni; walikiambia kioo. Walitazamana mle ndani huku mmoja kampa mwenzake kisogo, na ndimi zikalegea. Sasa mjomba na fundi bomba walikuwa wanatazamana ana kwa ana, kisha kila mmoja akaangalia kwake, kama wachumba waliokutanishwa na wazazi.

Msomi akarudi kwenye ukurasa wa ugomvi, pale binti anapomwambia baba yake kwamba anakwenda kusoma mbali. Maneno yalikuwa yale yale, hakuyagusa. Lakini yule baba sasa alikuwa ananing'inia hewani, na jibu lake halikuaminika hata kidogo. Mtu kama yule hawezi kumwambia mwanawe hivyo usoni. Anahitaji mahali pa kusemea.

"Mjomba, si kiti."

"Nitanyoaje bila kiti?"

"Niamini kidogo."

"Nimekuamini chuo kizima," mjomba akasema, akageukia ukuta.

Msomi akaandika: *Binti aliinua macho kwenye kioo, akamwona baba yake, na nyuma ya baba yake akaona kiti chenye mshono wa uzi wa viatu, benchi, feni inayoyumba na mlango ulio wazi, vyote vimetulia kana kwamba vinangoja kusikia baba atasema nini.*

Kioo kikarudi ukutani. Na kwa kuwa kilikuwa na kazi ya kuonyesha, vitu vikalazimika kuwepo. Ila vilikuja vimegeuka, kama vilivyo ndani ya kioo. Mlango ukahamia upande wa pili, ukamwacha mzee aliyeuegemea akiegemea ukuta. Feni ilizunguka kinyume. Fundi bomba akajishika kichwa: sasa nusu iliyonyolewa ilikuwa ya kulia.

Mhariri alisomewa ile sentensi kwenye simu. Akasema alitoa ruhusa ya kitu kimoja. Msomi akajibu kwamba ni kimoja, hivyo vingine vimo ndani yake. Mhariri akaomba asomewe tena, taratibu, kisha akasema ugomvi wote usogezwe mbele ya hicho kioo, na kitabu kiende.

Mjomba alilalamika kwamba kiti sasa kinajizungusha kushoto. Akamkalisha fundi bomba, akawasha mashine, akamtafuta mpwa wake kwenye kioo, pale benchini alipoketi.

"Huyo baba," akauliza, mkono ukiendelea na kazi, "mwishowe anamjibu nini bintiye?"

"Anamwambia aende."

"Basi?"

"Na kwamba anajivunia kuwa naye."

Mjomba akapuliza nywele kwenye meno ya mashine.

"Hajakosea," akakiambia kioo.

Fundi bomba, aliyekuwa katikati yao, akafumba macho, akajifanya amelala.