Barua ya Lyle Kwenye Kabati la Kioo

Mama alikuwa anaomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa karatasi.

"Niletee barua ya Lyle," alimwambia Verna kila alipokwenda kumwona kwenye nyumba ya wazee. "Ile ya mwisho. Unisomee, halafu mniwekee kifuani mkinizika."

Daktari alikwisha kusema kwamba figo zimechoka, na kwamba watu wasitarajie zaidi ya wiki mbili. Macho nayo yalikuwa yamezima kabisa. Verna Haskett, binti yake mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyekuwa mpishi wa shule ya watoto, aliitikia kila siku, "Nitaileta, Mama," na kila siku akatoka pale anajiuma midomo, maana barua alijua iko wapi. Ilikuwa kwa mdogo wake, Orrin.

Na Orrin, jamani, alikuwa mwandishi mkubwa.

Si mwandishi wa hadithi unayokaa ukaisoma ukajua nani kamwoa nani na nani kafa. Hayo Orrin aliyaita mambo ya kizamani, yeye aliyezaliwa katikati ya mabanda ya nguruwe kule Indiana na kufika miaka kumi na minane hajaiona bahari. Riwaya zake hazikuwa na mwanzo, na mwisho ulikuwa katikati, umefichwa kwenye tanbihi. Kazi yake aliifanya kwa mkasi. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka ukuta huu hadi ule, akachukua matangazo ya mbolea, vitabu vya mapishi, kurasa za Biblia ya marehemu shangazi yake, akavikata vipande vipande, akavibana kambani kwa vibanio, kisha akafungua dirisha. Upepo ukishapita, vipande vilivyobaki ndiyo sura ya kwanza. Watu wazima wenye shahada tatu tatu walipanda ndege kutoka Ufaransa kuja kuitazama kamba hiyo! Ukiwauliza Orrin amejifunza kwa nani, watakutajia Wajerumani, watakutajia Waajentina, watakutajia na mtawa mmoja wa Ireland aliyekufa miaka elfu moja iliyopita. Hakuna aliyewahi kumtaja mama yake, ambaye kamba ya nguo ilikuwa yake.

Mwaka 1963 Orrin alikuja nyumbani kwa mlo wa Siku ya Shukrani. Akala bata mzinga, akajipangusa mdomo, akafungua mtoto wa meza wa Mama na kutoa barua za Lyle, zote kumi na mbili. "Naziazima, Mama," alisema. "Nazisoma tu." Lyle ndiye aliyekuwa wa katikati yao, aliyeuawa vitani Korea mwaka 1951 akiwa na miaka ishirini na tatu. Barua kumi na moja zilipotelea kambani. Ya kumi na mbili ilikatwa vipande, ikabandikwa kwa gundi juu ya ubao, ikawa sura nzima ya kitabu kilichoitwa Mashine ya Kukoboa Ukungu. Kitabu hicho kilimpa Orrin tuzo, uprofesa, na kichwa kisichopita mlangoni. Kila Mama alipouliza barua yake, aliambiwa bado inafanyiwa kazi. Miaka kumi na mitano inafanyiwa kazi!

Oktoba hiyo ya 1978 chuo kikuu kilikuwa kinafungua chumba cha kumbukumbu za Orrin, naye alikuwa amewakabidhi kila kitu: kamba, vibanio, mikasi, na ule ubao. Verna akaomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la kanisani, akaendesha gari saa mbili kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa.

Alimkuta Orrin ukumbini, kavaa sweta jeusi la kufunika shingo, kashika mvinyo kwenye kikombe cha plastiki, kazungukwa na watu wanaotikisa vichwa hata kabla hajasema kitu.

"Dada!" Orrin akasema, na uso ukamshuka. "Mbona hukusema unakuja?"

"Mama anakufa, Orrin. Nimefuata barua."

"Mama anakufa tangu nilipooa mara ya kwanza."

"Safari hii hafanyi mzaha. Nipe barua niende zangu, nyinyi mwendelee na vijipande vyenu vya jibini vilivyochomwa vijiti."

"Si yangu tena, dada. Ni ya chuo."

"Yako ilikuwa lini?"

Orrin akacheka kile kicheko chake cha puani, akaangaza huku na huku akitafuta wa kumwokoa. Akampata Profesa Kermit Oberholt, bwana mmoja mwenye kindevu cha kuchongwa, ambaye kwa miaka kumi alikuwa hana kazi nyingine duniani ila kumfafanua Orrin Haskett.

"Profesa, huyu ni dada yangu. Anaulizia barua ya Lyle."

"Aa, Lyle!" Profesa akafumba macho kama aliyeonja asali. "Huyo, bibi, ndiye mtu bora kuliko wote aliowabuni ndugu yako."

"Kambuni nani?"

"Lyle. Ndugu asiyekuwepo. Nimeandika kurasa mia nne kuthibitisha kwamba hakuwahi kuishi. Angalia tu yale makosa ya uandishi, yalivyopangwa kwa ustadi! Askari wa kweli hawezi kuandika vibaya vizuri namna ile."

Verna akamgeukia Orrin, akangoja. Mtu yeyote mwenye damu mwilini angesema, hapana Profesa, Lyle alikuwepo, alinifundisha kuogelea, alinibeba mgongoni maili tatu siku niliyovunjika mguu. Orrin alikuwa anauchungulia mvinyo wake kama kwamba kuna samaki ndani.

"Lyle aliacha shule darasa la nane ili huyu asome," Verna akasema kwa hasira. "Ndiyo maana aliandika vibaya."

"Ajabu!" Profesa akachomoa kijidaftari. "Yaani ukoo mzima mnaishi ndani ya kitabu!"

Verna akavuta pumzi. Kuzozana na mtu wa namna hii ni kujitafutia presha. "Haya, Profesa, wewe uliyesoma nieleze. Barua halisi na nakala yake, tofauti ni nini?"

"Bibi mpenzi, hilo ndilo fundisho kuu la Haskett! Hakuna kitu halisi. Nakala na chenye kunakiliwa ni kitu kimoja."

"Vizuri sana. Basi ipigeni fotokopi, hiyo fotokopi muifungie kwenye kioo chenu, mimi nipeni hii nyingine. Si kitu kimoja?"

Profesa akamtazama Orrin, Orrin akatazama dari. "Haiwezekani," akasema mwishowe, masikio yamemwiva. "Hii ni... hii haina mbadala."

Umewaona? Dunia nzima kwao ni nakala, mpaka uguse kabati lao.

Kengele ikalia, watu wakaingia kukaa. Sasa, mikutano ya Orrin ilikuwa na desturi yake, na kila mfuasi wake aliijua: haikosi kioja cha kupangwa. Mwaka mmoja mzee fulani alisimama katikati ya hotuba akasoma kitabu cha namba za simu, nusu saa nzima. Mwaka mwingine mke wa pili wa Orrin alimbandika usoni pai ya boga, na watu wakaandika makala juu ya ile pai. Kwa hiyo walikuwa wanakuja mapema, wanakaa wanakodoleana macho, kila mtu akijiuliza leo ni zamu ya nani.

Verna alikaa safu ya nne. Kabati la kioo lilikuwa mbele, limeachwa wazi makusudi, maana sherehe ingemalizika kwa Orrin kulifunga kwa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Aliuona ubao kutoka pale alipokaa. Aliuona mwandiko wa Lyle, zile herufi kubwa kubwa za penseli. Miaka kumi na mitano hakuwa ameuona. Orrin akapanda jukwaani, akaanza kueleza kwamba mwandishi ni uvumi unaojisambaza wenyewe, na Verna akajikuta amesimama.

"Orrin Haskett! Waambie hawa watu. Lyle alikuwepo, hakuwepo?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha msichana mmoja akacheka kwa furaha, mtu akanong'ona, "Ndiye huyu! Ndiye wa leo!" Orrin alikuwa amesawijika, lakini alipousikia ule mnong'ono akaelewa bahati yake imelalia wapi. Akainamia kipaza sauti.

"Kuwepo," akasema polepole, "ni nini, dada?"

Makofi yakalipuka.

"Tulimzika!" Verna akapiga kelele. "Jeneza lilifika kwa treni, Mama akasimama kwenye theluji, na wewe ukatuma salamu kwamba una mtihani!"

Wakapiga makofi zaidi. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa alikuwa anafuta machozi, akimwambia jirani yake, "Na ile lafudhi ya shamba! Wamemtoa wapi mwigizaji huyu?"

Ndipo Verna alipong'amua. Mwanamke aliyelisha watoto mia tatu kila mchana kwa miaka ishirini hahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Hawa hawakuwa wanamsikia, na wala hawangemsikia hata angejichoma moto. Lakini hawakuwa na sababu ya kumzuia pia. Akatoka kwenye safu yake, akashuka mpaka mbele, akaingiza mikono yote miwili kabatini.

"Nachukua barua ya ndugu yangu," akasema kwa sauti iliyofika mlango wa nyuma.

"Verna, acha," Orrin akamnong'oneza. "Rudisha hicho kitu." Kipaza sauti kikaunyaka mnong'ono wake, ukumbi ukavunjika mbavu. "Sifanyi mchezo! Rudisha!" Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya, na kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kushangilia. Profesa Oberholt alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga makofi mikono imeinuliwa kichwani. Verna akapita katikati yao na ubao kwapani. Askari wa mlangoni, mzee wa watu, akamfungulia mlango.

"Umetia fora, mama," akamwambia.

"Asante, baba. Funga koti, nje kuna baridi."

Alifika nyumba ya wazee jioni, wanagawa supu. Hajavua hata koti, muuguzi akamwita kwenye simu.

"Dada, unajua ulichofanya?" Alikuwa Orrin, anahema.

"Najua."

"Wameipenda! Wanasema ndiyo kazi yangu bora kuliko zote! Chicago wanatutaka Machi. Sikiliza, utafanya vilevile, na hilo koti, tafadhali usibadilishe hilo koti."

"Mama yuko macho. Nikupe uongee naye?"

"Mwambie nitampigia siku nyingine. Lakini ubao usije ukaulowanisha."

Verna akakata simu. Alitaka kutukana, ila kulikuwa na wazee wanakunywa supu.

Akaketi kitandani kwa Mama, akasoma. Orrin alikuwa amevuruga mpangilio, kwa hiyo ilibidi afuate kwa kidole, aruke juu, arudi chini. Lyle anasema soksi zimefika. Keki imefika chenga tupu, wameila kwa vijiko wote kikosini na wanamshukuru Mama. Je, yule nguruwe mwekundu kazaa? Baridi ya huku usiulize. Mama alikuwa anasikiliza na midomo inamcheza, anatangulia maneno. Kisha Verna akasita.

"Hapa kuna kipande hakipo, Mama. Kimekatwa."

"Ni kabla ya 'wasalimie wote'?"

"Hapo hapo."

"Nakijua." Mama akakohoa, akasema kwa sauti ya kijana wake: "'Sanduku langu la zana mpe Verna anitunzie. Orrin usimpe, hata akilia. Nampenda sana, ila vitu vya watu akivishika harudishi.'"

Verna akacheka mpaka akaanza kulia, akalia mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Mama hakucheka wala hakulia. Alipapasa ubao kwa vidole mpaka akaipata ile nafasi tupu, akaacha mkono wake juu yake, akalala hivyo.

Alikufa Jumapili. Walimzika Jumatano, kwa upepo mkali. Orrin alifika watu wamekwisha kuimba wimbo wa pili, na sweta lake jeusi, na Profesa Oberholt nyuma yake kashika kamera. Alisimama karibu na Verna, akainamisha kichwa muda wa kutosha, kisha akamsogelea sikioni.

"Dada. Ubao uko wapi?"

Verna akamwelekeza kwa kidevu, kule jeneza lilikokuwa linashushwa.

"Kauazima Mama," akasema. "Anausoma tu."