Ngozi Juu ya Niru

Benson, mwanangu mkubwa, alipotujengea nyumba ya matofali hapa Ikungi, fundi aliipiga sakafu niru, saruji laini ya juu, mpaka ikang'aa kama sahani. Majirani walikuja kuitazama, wakavua ndala mlangoni. Tulihamia na vitu vichache: kitanda, mitungi miwili, na ngozi ya ng'ombe ambayo mzee wangu Simeoni huikanyaga anaposhuka kitandani. Ni ya dume lililochinjwa siku ya harusi ya binti yetu Yunisi. Kule kwenye tembe, nyumba yetu ya zamani ya udongo, ngozi hiyo ililala miaka kumi na tisa bila kusogea, maana sakafu ya udongo iliishika.

Mwezi wa tano akapita Ritha, mhudumu wa afya wa kitongoji, akikagua nyumba za wazee. Akatuamkia shikamoo, kisha akaisukuma ngozi kwa kidole cha mguu. Ikateleza mpaka ukutani. Akasema iondolewe leo leo, na ukutani upigiliwe mti wa kushikilia. Simeoni akamjibu kwamba mti wa kushikilia anawekewa ndama asiyejua kusimama. Tulicheka wote, hata Ritha.

Mti haukupigiliwa. Ngozi niliitoa, nikaitundika jikoni.

Ukaingia mwezi wa sita na upepo wake wa baridi. Simeoni akawa analalamika kwamba saruji inamng'ata nyayo. Alilalamika siku tisa, kwa upole tu. Siku ya kumi akanyamaza, akawa hashuki kitandani mpaka jua lipande. Nikamhurumia. Nikairudisha ngozi kwa mikono yangu, nikainyoosha pembe zote nne.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakoroga uji. Nikasikia kishindo kimoja, kama gunia la alizeti limeshushwa. Nilimkuta chini, mguu umegeukia nje, ngozi imefika mlangoni.

"Mama Benson," alisema taratibu, "usimwambie Ritha."

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwa hali ya moyo wake hawawezi kumpasua. Tukarudi naye nyumbani.

Jana Benson alinikuta nimepiga magoti chumbani na tindo na nyundo, naichokoa niru vishimo vishimo ili iwe na mkwaruzo, kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "baba hataikanyaga tena sakafu hii."

Simeoni alikuwa macho, anatazama bati.

"Najua," nikamwambia. "Mimi nina miaka sabini na minne, na bado natembea. Kalete ule mti."