Wastani wa Miti Mia Tano

Alhamisi ile asubuhi Ndindi alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya Umoja, mwanawe Mutie amemlalia kifuani, na moyo wake mweupe. Mchana huo, huko Uswizi, bosi wake Daktari Mulongo angesimama mbele ya wataalamu wa wanyama na kulisoma jina lake. Jina lake yeye, aliyejifunzia kompyuta madarasa ya jioni pale Buruburu, maziwa yakimlowesha blauzi.

Kazi yenyewe ilihusu fuko, wale wanyama wachimbao chini kwa chini. Daktari alitaka kujua jamii zao mbili ziliachana lini. Kwa kuwa hakuna mti mmoja wa nasaba wa kuaminika, kompyuta ilikuwa imechora miti mia tano. Ndindi aliandika programu ya kupitia mti mmoja mmoja, kutafuta panda ambapo jamii hizo mbili zinaachana, kusoma umri wake, kisha kutoa wastani. Ikatoa miaka milioni sita nukta nne. Daktari alifurahi, maana ndiyo namba aliyokuwa akiitafuta, na Jumanne akapanda ndege nayo.

Sista Beldina alimpima Mutie, akajaza kadi. Ndindi akaona vistari viwili, mwezi wa tatu na wa nne. Akauliza ni vya nini.

"Hukumleta, Mama Mutie. Ulitaka niandike sifuri? Mtoto wa kilo sifuri umemwona wapi?"

Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Ndindi hakucheka; aliikumbuka programu yake. Kuna miti ambayo kompyuta haikuziweka jamii zile mbili kwenye tawi moja, kwa hiyo panda yenyewe haikuwemo. Hapo programu yake ilikuwa imeandika sifuri. Na sifuri zote alikuwa amezijumlisha, akagawanya kwa mia tano.

Alifika ofisini mtoto yuko mgongoni, akarekebisha mstari mmoja. Miti mia moja na themanini haikuwa na panda. Wastani wa iliyobaki ulikuwa miaka milioni kumi.

Simu ya ofisi ilikuwa na kufuli, na ufunguo anao Caleb, karani. Caleb akasema simu ya ng'ambo inataka sahihi ya Daktari.

"Lakini ndiye ninayempigia."

"Basi atasaini akirudi, mama."

Mutie alipoanza kulia kwa nguvu, Caleb akafungua. Kule Uswizi, hotelini alikofikia, wakamwambia Daktari ametoka. Ndindi akatuma faksi. Mashine ikaonyesha imefika, ila imefika kwenye meza ya hoteli, si ukumbini. Akakaa kitini, akamnyonyesha mtoto, akiitazama saa ya ukutani. Hakuwa na lingine la kufanya.

Saa kumi na moja simu ikalia. Daktari alikuwa anacheka. Wamepiga makofi, alisema, na mzee mmoja wa huko ameomba aandikiwe jina la huyo binti aliyetengeneza programu.

"Daktari, umepata faksi yangu?"

Hakuwa ameipata. Ndindi akamweleza yote, polepole, bila kujitetea. Upande wa pili vikasikika vishindo vya watu wakipita na kusalimiana.

"Ndindi," alisema mwishowe, "nimewaambia ni kazi yako."

"Najua, Daktari."

"Kesho wanaichapa namba ile kwenye jarida lao."

Ndindi akamuuliza kama wanaweza kuzuiwa. Daktari akasema hajui amwendee nani, na laini ikakatika. Ndindi alibaki na mkono wa simu sikioni, na Mutie akawa anauchezea waya wake.