Mwenyekiti Agoma Kula

Mama Sabuni alizaliwa na kinyaa, na kazi aliyoipata ikakipalilia. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali. Kila asubuhi mashuka yalisukumwa kwa mikokoteni mpaka mlangoni kwake, na kwenye mashuka hayo alikwisha kuona kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa, kibichi na kilichokauka. Wenzake walizoea. Yeye, wapi! Alivaa glovu mbilimbili, akafunga pua kwa kitambaa, na jioni alivua viatu nje ya nyumba kama mtu anayetoka kuzika. Mumewe, fundi redio mwenye utani mwingi, aliwaambia watu kwamba siku ya harusi mkewe aliifuta pete kwa spiriti kabla ya kuivaa. Watu walicheka wakidhani ni utani.

Basi mama yake mzazi akapata kiharusi. Mkono mmoja ukalala, mdomo ukapinda upande, na chai ikawa inamchuruzika kidevuni bila mwenyewe kujua. Mama Sabuni akamleta kwake, kwani uchungu wa mama anao, hilo asisingiziwe. Lakini alimwogesha kwa glovu. Alimlisha kwa glovu. Kidevu alikipangusa kwa karatasi, mkono kaunyoosha wote, uso kaugeuzia dirishani. Mama mtu alifumba macho mpaka shughuli iishe.

Bibi huyo alikuja na sharti moja: sungura wake aje naye. Alikuwa dume jeupe, nene, masikio ya kijivu, lenye tabia ya kukaa katikati ya chumba na kuwatazama watu kana kwamba linangoja akidi itimie. Fundi redio akalipa jina la Mwenyekiti. Mama Sabuni alilivumilia, akifagia vile vidonge vyake vikavu na kusonya, mpaka asubuhi moja alipoingia na beseni la maji ya kumwogesha mama.

Mwenyekiti alikuwa amejikunja, kichwa kakiingiza katikati ya miguu ya nyuma. Akakiinua. Mdomoni alikuwa na kishada cheusi, laini, kinang'aa kwa ute, na harufu yake chachu ilifika mlangoni kabla ya macho kuamini. Akakimeza kwa raha zake, macho nusu yamefumba.

"Anakula mavi yake!" Mama Sabuni alipiga kelele, na nusu ya beseni ikamwagikia miguuni pake.

"Muache," mama yake akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Ndivyo walivyo."

"Ndivyo walivyo porini, mama, si kwenye zulia langu!"

Mwenyekiti akaruka kitandani, akampanda bibi kifuani, na kwa mdomo uleule akaanza kulamba chai iliyokauka kidevuni. Bibi akacheka. Mama Sabuni alikimbilia nje akashika ukuta, akatapika chai yake yote.

Siku hiyohiyo alilikata dumu la sabuni la kazini, akatengeneza kola pana ya plastiki, kingo akazizungushia plasta ili zisikate, akamvalisha Mwenyekiti shingoni. Sasa asingeweza kuufikia mkia wake hata angekuwa nyoka. Majani nayo akayapiga marufuku, maana nani ajuaye mbwa gani kayakojolea? Badala yake akawa anampa karoti zilizomenywa na kuchemshwa kwa maji ya chumvi. Alijiona ameokoa nyumba. Nyumba ikanukia dawa kama wodi.

Mwenyekiti alikula karoti mwanzoni, kisha akazinusa tu, kisha hata kuzinusa akaacha. Alijikunyata pembeni, manyoya yamesimama, masikio yamelala, akisaga meno polepole. Ukimsukuma alijisogeza kidogo, basi. Bibi alimtazama kutwa nzima. Uji ulipoletwa, akakisukuma kijiko kwa mkono wake mzima.

"Mwenyekiti akila, nami nitakula."

"Mama, usinifanyie hivyo. Wewe ni mgonjwa."

"Na yeye?"

Fundi redio alijaribu kusema kwamba kikao kimeahirishwa, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Jioni uji haukuliwa. Asubuhi yake pia. Mashavu ya bibi yalianza kubonyea, na Mama Sabuni, ambaye alijua vizuri mashuka ya watu walioacha kula yanavyokuwa mepesi, akaingiwa na hofu. Alimtia sungura kwenye kikapu, akaenda kwa daktari wa mifugo.

Alimkuta akimenya yai la kuchemsha juu ya meza ileile ambapo kuku mgonjwa alikuwa ametoka kulazwa. Manyoya yalikuwa bado yapo. Viatu vyake vya mpira vilikuwa na samadi mpaka magotini. Daktari akalitupia yai mdomoni, akajifuta mikono kwenye koti, akampapasa Mwenyekiti tumbo.

"Hii kola nani kaivalisha?"

"Mimi. Alikuwa anakula... uchafu wake."

"Si uchafu, mama, ni chakula! Sungura chakula chake kinapita mara mbili. Kile kikavu ndicho uchafu. Kile laini bado kina nguvu yote ndani, lazima akile tena. Wewe umemnyang'anya tonge mdomoni, halafu ukamnyima na majani. Ulitaka aishi kwa plastiki?"

Daktari akaikata kola kwa mkasi.

"Mpe majani makavu, mpe maji, msugue tumbo taratibu. Tumbo likifunguka, kile laini kitatoka alfajiri. Yeye hana nguvu ya kujikunja, kwa hiyo utakiokota wewe umpe."

"Nikiokote na koleo?"

"Kitapasuka, hatakitaka. Kwa vidole. Tena bila glovu," akaongeza, akirudi nyuma hatua moja. "Unanuka dawa, mama, hata mimi kichwa kinaniuma. Yeye mwenye pua ile atakuwaje?"

Fundi redio alikata majani nyuma ya karakana yake, akayaanika. Mama Sabuni alilisugua lile tumbo gumu mpaka mikono ikafa ganzi. Mwenyekiti akatafuna jani moja, shingo upande, kama anayeonja chakula cha adui. Baadaye akatafuna jingine. Bibi alihesabu kila jani kwa macho, lakini uji bado aliukataa. Majani, alisema, si kula, ni kuonja.

Alfajiri iliyofuata kishada kilikuwa pale, juu ya kitambaa, kikitoa mvuke mwembamba. Mama Sabuni alichuchumaa. Glovu alizivaa hivyohivyo, maana kinyaa si koti la kuvua ukitaka. Alipoupeleka mkono, Mwenyekiti akanusa mpira, akageuza uso. Akajaribu tena. Akageuza tena, na safari hii kichwa chake kikalala sakafuni.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akavua glovu ya kwanza, akavua na ya pili. Akakishika. Kilikuwa cha moto. Kilikuwa laini kuliko alivyoogopa, kikiteleza kwa ute, na harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Akausogeza mkono.

Pua ikacheza. Midomo midogo ikamtekenya ncha za vidole, na kishada kikaenda. Kisha Mwenyekiti, aliyegoma siku zote hizo, akaulamba mkono mtupu, kidole kwa kidole, akitafuta kingine.

"Amekula!" akanong'ona. "Mama, amekula!"

Aligeuka. Mama yake alikuwa macho, hajui tangu lini. Hakuwa akimtazama sungura. Alikuwa akizitazama glovu pale sakafuni.

"Kumbe zinavulika," bibi akasema.

Aliyasema bila ukali, na ndiyo maana yalichoma. Mama Sabuni alizikumbuka asubuhi zote za beseni, yale macho yaliyofumbwa, na yeye akipangusa kidevu cha mama yake huku ameangalia dirishani. Kinyaa kikampanda upya, kikali kuliko cha mashuka yote ya hospitali, na safari hii hakikuwa cha sungura wala cha bibi. Alijichukia mpaka mate yakawa machungu.

Aliukimbilia uji mezani. Alikaa kitandani, akalitwaa bakuli, akampa mama yake kijiko cha kwanza. Bibi akakipokea, akameza. Tone likachuruzika kidevuni, na Mama Sabuni, bila karatasi, bila kugeuza uso, akaupeleka mkono wake mtupu kulipangusa.

Bibi akarudisha kichwa nyuma, pua kaikunja.

"Na mkono huohuo?" akafoka. "Kanawe kwanza, mtoto mchafu wewe!"

Mama Sabuni alinyanyuka akicheka na kulia, akaenda kunawa. Aliporudi, glovu zilikuwa bado sakafuni. Alizipita, akakaa, akashika kijiko.