Paji la Uso la Bashiru

Mzee Abuu alimkubali Bashiru kabla hata ya kuisikia posa yenyewe, kwa sababu ya uvimbe uliotuna kwenye paji lake la uso. Alimwambia mkewe, Mwanaheri, kuwa kijana anayesujudu mpaka paji likaota nundu hawezi kumtesa binti yao Zuhura.

Mwanaheri, mwalimu wa sayansikimu, hakubisha. Alingoja kijana aje kusalimia. Bashiru, ambaye tangu serikali iliporuhusu biashara huria alikuwa akiuza redio pale Majengo, akatoa shikamoo, akaketi. Mwanaheri akamwambia ainamishe kichwa, akaubonyeza uvimbe kwa kidole. Ulikuwa laini, ukateleza chini ya ngozi. Alama ya sijida ni ngozi iliyokomaa, haikimbii kidole.

"Unauma?"

"Hauumi, mama. Ninao tangu niko Tunduru. Unakua taratibu."

"Na kusali?"

"Nasali Ijumaa."

Mzee Abuu akakohoa. Akauliza mbona hakusema mapema. Bashiru akajibu kwa adabu kwamba mzee hakuuliza, alimkumbatia tu.

Posa ikabaki inaning'inia. Mzee alitaka kuirudisha. Zuhura, aliyekwisha kumpenda kijana, akaunguza mboga mchana na jioni. Mwanaheri akaona kwanza hospitali, mengine baadaye, akampeleka Bashiru mwenyewe. Daktari naye akabonyeza, akasema ni uvimbe wa mafuta, hauna madhara, kuuondoa si lazima. Bashiru akataka uondolewe, asije akaaminiwa tena kwa jambo asilolifanya. Akachomwa sindano ya ganzi, akachanwa kidogo, kikatoka kitonge cha manjano kama mafuta ya kuku. Kikapelekwa kupimwa. Daktari akashona, akaagiza paji lisiguse kitu mpaka nyuzi zitolewe.

Alfajiri iliyofuata Bashiru alikuwa msikitini na bendeji yake, amekaa safu ya nyuma, akiinamisha kichwa tu wenzake waliposujudu. Kesho yake pia. Mzee Abuu alirudi nyumbani akilalamika kuwa kijana ameanza kuja wakati hawezi kusujudu.

"Mwanzo uliletewa nundu bila swala," Mwanaheri alisema. "Sasa umeletewa swala bila nundu. Unamtaka yupi?"

Mzee akaomba chai.

Majibu yalisema ni mafuta tu. Nyuzi zikatolewa, ndoa ikafungwa. Siku ya harusi jirani mmoja alitaka kujua kovu lile la bwana harusi limetokana na nini. Mzee Abuu akamjibu kuwa mkwewe anasali sana.

Mwanaheri alikuwa nyuma yake na sinia la pilau. Akampa jirani, akarudi jikoni.