Kengele za Wodi Mpya

Muuguzi mkuu alikuwa ameweka heshima yake rehani. Alimwambia mganga mkuu asihangaike na kampuni, programu ya kengele za wodi mpya ataiandika binti yake. Mganga mkuu akakubali shingo upande, ila kwa sharti kwamba ziwe zinalia kabla wagonjwa hawajahamishwa mchana ule.

Sasa fundi umeme keshamaliza nyaya zake, wagonjwa wanafungasha, na kompyuta ya binti imejaa makosa mekundu. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, imegoma katakata.

Binti akajishika kichwa. Kipande cha mwisho alikuwa amekiandika asubuhi kwenye simu, akakituma kwenye kundi la familia, maana nyumba ile kila kitu hupitia kundi la familia, hata habari za sabuni kuisha. Shangazi, bila kuelewa hata neno moja, alijibu "Amina". Na simu nayo, kwa kiherehere chake, ikazipinda alama zote za kunukuu ili zipendeze. Binti akanakili vyote kwenye kompyuta, na urembo wake, ilhali kompaila inazijua alama zilizonyooka tu.

Alama akazinyoosha. Wapi! Mstari mmoja bado uligoma, na ukiutazama hauna hata doa. Fundi akashauri afute vyote aanze upya. Mama mtu jasho likamtoka, akamwomba Mungu amsitiri.

Lakini binti hakubabaika. Aliandika amri fupi ya kuonyesha kila herufi ngeni, akasoma taratibu, kisha akagusa kioo.

"Mama, hii nafasi kati ya maneno si ya kawaida. Inafanana nayo tu, kwa kompaila ni herufi nyingine."

Mama aliutambua ule utulivu. Ndivyo yeye mwenyewe anavyotafuta mshipa usioonekana, kwa ncha ya kidole, bila papara. Kumbe mtoto kamrithi! Fahari ikamjaa kifuani kabla hata ile nafasi haijafutwa.

Ilipofutwa na kuwekwa ya kawaida, kompaila haikuwa na neno. Mama akaenda kitanda cha kwanza, akabonyeza kitufe. Kengele ikalia, taa ikawaka kwenye meza ya wauguzi. Mganga mkuu akaagiza wagonjwa waletwe.

Mama akabonyeza tena. Na tena.

Fundi akauliza kuna tatizo gani.

"Hakuna," akasema. "Nasikiliza kazi ya mwanangu."